"Utarudia lini?" Swali la zamani ndani ya dosie ya viza

Kila mwaka, mitihani ya mwisho ikiisha, ninapata ujumbe uleule kutoka kwa wadogo zetu wa Kayna, Kirumba na Butembo: "Yaya, ku viza ya Bulaya banaombaka nini?" Wanataka liste ya karatasi. Liste nitaigusa, lakini mimi nilisoma historia, na ninaona kwamba liste inabadilika kila mara huku maswali yaliyo nyuma yake yanabaki yaleyale: unaenda kufanya nini, nani anasimama nyuma yako, na utarudia lini? Babu zetu waliulizwa hayo hata kabla ya kuwaza Bulaya.

Dekre ya tarehe 5 Desemba 1933, wakati wa Wabelgiji, iliweka kwamba Mkongomani akitoka eneo lake kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, lazima awe na karatasi iliyoitwa passeport de mutation. Mtu wa Lubero akitaka kwenda kukaa Stanleyville, Kisangani ya leo, alihitaji ruhusa ya mkubwa wa Leta ndani ya nchi yake mwenyewe. Basi kwa babu zetu paspoti ya kwanza ilikuwa karatasi ya kuvukia mpaka wa sheferi. Bulaya ilikuwa mbali sana na mawazo yao.

Wachache waliofika huko hawakwenda peke yao. Paul Panda Farnana alipelekwa Ubelgiji mwaka 1900, mtoto bado, mikononi mwa ofisa Mbelgiji. Alisomea kilimo, kisha mwaka 1919 akaanzisha chama cha Wakongomani waliokuwa huko. Thomas Kanza aliingia Louvain mwaka 1952, akatoka na diplome mwaka 1956, Mkongomani wa kwanza asiye padri kufanya hivyo. Kwetu Lubero njia ilikuwa ya Kanisa: Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuja kuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, alisomea Roma. Mwaka 1958, kwa maonyesho makubwa ya Bruxelles, mamia ya Wakongomani walipelekwa kuonyeshwa kazi za koloni. Angalia vizuri: kila mmoja alikuwa na mtu ao ofisi iliyojibu kwa niaba yake. Ofisa, misioni, ao Leta yenyewe. Ndiyo sababu, uhuru ulipofika 1960, Wakongomani wenye diplome ya univerisite hawakufika 30.

Leo ukiombwa prise en charge, ile karatasi ambayo mtu wa Ubelgiji anasaini kwamba atakulipia chakula, nyumba na daktari, mimi ninaona mjukuu wa mpango ule. Misioni imeondoka, mjomba wa Liège amechukua kiti chake.

Halafu Schengen. Hicho ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, ambako nchi tano, Ubelgiji ikiwemo, zilisaini mapatano tarehe 14 Juni 1985 ili wafute ukaguzi kati yao. Mapatano yalianza kazi tarehe 26 Machi 1995. Mara nyingi tunasahau upande wa pili wa jambo hili: ukifuta milango ya ndani ya nyumba, unakaza sana mlango wa nje. Kanuni ya pamoja ya viza ilianza kutumika Aprili 2010, na mwaka huohuo Maison Schengen ikafunguliwa Kinshasa, chini ya Wabelgiji, ikipokea dosie kwa niaba ya nchi nyingi. Mwanzoni mwa 2018 serikali ya Kabila iliifungisha juu ya ugomvi na Bruxelles. Wenye barua za univerisite mkononi walikwama bila kosa lao. Ilifunguliwa tena 2019 ikiwa na jina jipya la Centre européen des visas, ingawa wengi tunaiita bado Maison Schengen.

Sasa karatasi zenyewe. Viza ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote za Schengen. Tangu tarehe 11 Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, na ukikataliwa hazirudi. Unaleta paspoti, asiransi ya matibabu isiyopungua euro 30.000, mwaliko ao nafasi ya hoteli, hesabu ya banki, na alama za vidole, ambazo zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Dosie inawekwa mapema kwa miezi sita, kuchelewa zaidi ni siku 15 kabla ya safari. Kusoma mwaka mzima ni jambo lingine: hiyo ni viza D, ya sheria ya kila nchi. Kwa Ubelgiji inataka barua ya shule, diplome iliyolinganishwa, cheti cha daktari, kasie judisieri na mtu ao burse ya kukulipia. Na anayekata neno ni Office des étrangers ya Bruxelles, hata kama dosie uliiweka Kinshasa.

Wafanyabiashara wa Butembo wanaoenda Dubai na Guangzhou wanatushangaa. Kwao viza ni bei na tiketi: mnunuzi anayeleta dola na kurudi na kontena anakaribishwa. Kijana mwenye diplome na bila kontena anatazamwa kama mtu atakayebaki. Ndiyo maana, katika fomu ya kukataa, mara kwa mara inatiwa alama pale panaposema hawakuhakikisha nia yako ya kutoka kabla viza kwisha.

Hapa njo Kayna inaumia. Mwisho wa Juni 2024 M23 waliingia Kanyabayonga, Kirumba na Kayna. Januari 2025 Goma ilianguka, uwanja wake wa ndege na banki zikafungwa. Kijana anaombwa kuonyesha kwamba maisha yake yametulia nyumbani: kazi, parseli, hesabu ya miezi, karatasi ya komini. Na nyumbani kwenyewe kumegawanyika na vita. Wengine wanawaza Kampala, juu ni karibu kuliko Kinshasa. Kanuni inasema unaomba katika nchi unamokaa kisheria; mahali pengine unapopita tu lazima ueleze sababu kwa maandishi, na konsula anaweza kuikataa. Kwa maoni yangu kufungwa kwa njia ni sababu ya kweli. Iandike wazi, na tarehe zake. Usimpe pesa komisionere anayekuahidi hesabu ya banki ya uongo: karatasi ya uongo ni sababu ya kukataliwa, na kukataliwa kunabaki ndani ya mashine ambayo konsula zote za Schengen wanaifungua.

Ukikataliwa, wanalazimika kukupa sababu kwa maandishi. Kwa Ubelgiji una siku 30 za kupeleka malalamiko kwenye Conseil du contentieux des étrangers, na hesabu inaanza siku jibu linapokabidhiwa. Kama ni ndugu wa Kinshasa anayekuchukulia bahasha, mwambie aifungue palepale, apige picha kila ukurasa, na akutumie siku hiyohiyo, kabla bahasha haijatafuta ndege ya Beni.