Kikohozi cha Zoloto

Miongoni mwa maradhi ya koo yanayowasibu watoto wadogo, Kiswahili kimekwisha kuyapa mawili majina yaliyothibiti, kifaduro na dondakoo; ama yale ambayo matabibu huyataja kwa neno la kigeni, krupu, hayo bado yanatafuta jina litakaloeleweka sawasawa na mwuguzi wa Matema na mama wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Asili ya neno hilo ni Uskoti, ambako maana yake ilikuwa kulia kwa sauti iliyokauka, na aliyelitia katika elimu ya utabibu ni Francis Home wa Edinburgh, kwa risala yake ya mwaka 1765. Kwa zaidi ya karne moja baada ya Home, jina hilo moja lilichanganya maradhi haya na dondakoo, hata wataalamu Klebs na Loeffler walipokidhihirisha kijidudu cha dondakoo katika miaka ya 1883 na 1884.

Maradhi yenyewe huletwa na virusi, aghalabu vya jamii ya parainfluenza. Huanza kwa mafua na homa ndogo. Kisha, siku moja au mbili zikipita, mtoto huamka usiku akikohoa kikohozi kikavu kinachobweka, sauti imempotea, na kila avutapo pumzi husikika mlio mkali. Wanaopatwa zaidi ni wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 3, kwa sababu chini ya nyuzi za sauti njia ya hewa imezungukwa na pete ya gegedu isiyotanuka, na uvimbe ukizuka hapo hauna pa kwenda ila ndani: njia yenye upana wa milimita 4, ikivimba milimita 1 pande zote, hubakiwa na robo tu ya nafasi yake.

Watu husema mtoto amebanwa na kifua, kauli ambayo hupotosha, maana pumu hubana hasa wakati wa kutoa pumzi na makazi yake ni kifuani, hali maradhi haya hubana wakati wa kuvuta na makazi yake ni kooni. Mimi naelekea kusema kikohozi cha zoloto, yaani cha kile kisanduku cha sauti. Na atakayependa kikohozi cha koromeo, kwa kuwa koromeo lajulikana zaidi, sitagombana naye, japokuwa wengi hulitumia kwa koo zima.

Kuyatambua maradhi haya kuna uzito wake Ikombe, kijiji cha Wakisi ambako watu huifuata hospitali ya Walutheri iliyoko Matema kwa mguu au kwa mtumbwi, kwa maji yale yale wapitayo akina mama na vyungu vyao kwenda sokoni. Upepo wa mwera ukivuma usiku juu ya Ziwa Nyasa, si kila kikohozi kinachostahili safari. Mlio ukisikika pale mtoto aliapo tu, na akitulia ukatoweka, naye anakunywa vizuri, aghalabu aweza kungoja alfajiri mapajani mwa mamaye, akiangaliwa. Lakini ukidumu hali ametulia, au mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikageuka rangi, hapana kungoja. Tabibu atampa deksamethasoni, mara nyingi dozi moja ya kunywa, ambayo hupunguza uvimbe ndani ya saa chache. Aliyezidiwa huvutishwa adrenalini na kupewa oksijeni. Antibiotiki haziui virusi, mvuke wa maji ya moto haukuthibitika kufaa ila umekwisha kuwaunguza wengi, na kukata kimio ni kumwongezea mtoto jeraha bila kuugusa uvimbe.

Yuko mtoto mmoja wa kuhofiwa kuliko wote: mwenye homa kali, asiyekohoa sana, anayedondokwa na udenda kwa kushindwa kumeza. Huyo asilazwe chali, wala asitiwe kijiko kinywani ili koo litazamwe. Achukuliwe hospitali vivyo hivyo alivyokaa.