Ombwe katika Uchujaji wa Mvinyo

Kwa karne nyingi watengenezaji wa mvinyo wa Ulaya waliondoa mashapo, yaani mabaki ya hamira na zabibu yanayotuama chini ya pipa, kwa kuungoja mvinyo utulie na kuuhamishia chombo kingine, au kwa kutia ute wa yai uliokokota chembe hadi chini, njia ya polepole ambayo bado inastahili heshima. Uchujaji kwa ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, ulizaliwa maabarani: mwaka 1868 Robert Bunsen, mkemia wa Heidelberg nchini Ujerumani, alieleza pampu ambayo maji yake yanayoshuka huvuta hewa kutoka kwenye chupa, hata kanieneo ya hewa ya nje ikasukuma kimiminika kupita kwenye karatasi ya kuchujia, na mwaka 1888 Ernst Büchner alieleza faneli yenye sakafu ya matundu inayobeba karatasi hiyo isipasuke. Mtambo mdogo wa ombwe anaotumia mtengenezaji wa mvinyo wa nyumbani umetokana na vifaa hivyo.

Hata hivyo, ombwe lina gharama kwa mvinyo, kwa kuwa linanyonya pia kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka na sehemu ya harufu nyepesi ambazo ndizo uhai wa kinywaji chenyewe. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vilipendelea kuusukuma mvinyo kwa pampu kupitia mabamba ya kuchujia, ambayo zamani yalichanganywa na asbesto, mpaka nyuzi zake zilipothibitika kusababisha saratani. Viwandani ombwe likabaki hasa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, yanayokamua mvinyo uliosalia ndani ya mashapo mazito.