Panadol na jina dogo lililo chini yake

Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli, na jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au chini ya jina kubwa. Dukani mteja huomba “Panadol”, akapewa pakiti ya kiwanda kingine, na hapo hakuna ubaya: kiambato ni kilekile, kwa kawaida miligramu 500 kwa kidonge.

Dawa za kisasa huwa na majina ya namna tatu. La kikemia ni refu na halitajwi sana hata na wafamasia. La kibiashara huchaguliwa na mtengenezaji. Kati yake kuna jina la kitaalamu, ambalo Shirika la Afya Duniani huliteua ili lieleweke kila nchi. Hata hivyo Wamarekani wameng’ang’ania lao: parasetamoli kwao ni asetaminofeni.

Jina dogo ndilo lenye uzito. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayemeza Panadol mbili na kuongeza kidonge cha mafua huenda anarudia dawa ileile bila kujua. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Zaidi ya hapo ini huweza kuharibika.

Jina la biashara liwe lolote, Tanzania Bara dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla ya kuuzwa; Kenya, na Bodi ya Famasia na Sumu. Msomaji, kabla ya kuchanganya dawa mbili, linganisha kwanza majina madogo.