Muvi zilifika Ipinda kabla ya intaneti

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Ipinda kwa wiki moja. Kwa usiyepafahamu, ni mji mdogo wilayani Kyela, unaupita ukienda ufukweni Matema. Mchele, kokoa na mvua, basi. Siku ya pili tu nikakutana na jambo lililonifanya niandike haya.

Mdogo wangu alinipeleka sokoni kwenye kibanda chenye laptopu moja na spika moja. Akatoa flashi, akataja tamthilia ya Kituruki anayoifuatilia, akalipa shilingi 1,000, tukaondoka na vipindi 20. Nyumbani king'amuzi kipo, kimelala juu ya kabati, kifurushi kimeisha. Nikamuuliza kwa nini asilipie kifurushi akaangalia kihalali. Akanijibu:

"Kaka, kifurushi kinaisha mimi niko shambani. Hii inanisubiri."

Nilitaka kumpa somo la hakimiliki. Mimi ni mwandishi, nakula kwa kazi za kichwa, najua uchungu wa kukuta habari yako imenakiliwa mahali bila hata jina lako. Lakini nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nimekulia kwenye vibanda hivyo.

Turudi nyuma kidogo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri sana, kwa sababu serikali iliiona televisheni kuwa anasa. Vituo binafsi kama ITV, DTV na CTN vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa, TVT, ambayo leo ni TBC, ikaja mwaka 2000. Je, miaka yote hiyo watu wa Bara hawakuangalia sinema nyumbani? Waliangalia. Kanda za video ziliingia bila kusubiri kituo chochote, na zilipofika mikoani zikazaa kibanda cha video: jenereta, deki, televisheni moja, mabenchi na turubai la kuzuia mwanga.

Tatizo lilikuwa lugha. Muvi ni ya Kiingereza, Kihindi au Kichina, na watazamaji wametoka shambani. Hapo ndipo walipoingia watafsiri. Hapa kwetu jina kubwa lilikuwa Lufufu. Uganda wana ma-VJ wao, Kenya wana DJ Afro. Watu hawa hawakutafsiri maneno tu. Walimpa adui jina la kibongo, walieleza kwa nini yule mzee amekasirika, walitia utani pale muvi ilipopoa. Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba Wachina wote wa kwenye kung fu wanajua Kiswahili cha Dar.

Hakuna aliyeomba ruhusa Hollywood wala Hong Kong. Ulikuwa wizi, tusizunguke. Lakini wizi huo ulijibu swali ambalo vituo vya televisheni havikuwa vimejiuliza: mtu wa Ipinda anataka kuona nini, kwa lugha gani, kwa bei gani na saa ngapi?

Wenzetu wa nje nao walipigwa somo hilohilo. Oktoba 2004 tamthilia ya Battlestar Galactica ilianza kuonyeshwa Uingereza, wakati Wamarekani wenyewe waliambiwa wasubiri hadi Januari 2005. Unadhani walisubiri? Wengi waliipakua kwenye intaneti. Oktoba 2005 Apple ikaanza kuuza vipindi vya televisheni kimoja kimoja kwa dola 1.99, na Desemba 2007 BBC ikazindua iPlayer ili mtu aangalie kipindi kilichompita. Walielewa kwamba adui yao mkubwa ni kumsubirisha mtazamaji.

Kwetu mkondo wa Seacom ulifika Dar Julai 2009 na intaneti ikaanza kuwa na kasi. Ila Ipinda kupakua hakukuwa kila mtu na bando lake. Mmoja alipakua mjini, akajaza kwenye diski, diski ikapanda basi, kibandani ikagawanywa kwenye flashi na memori kadi za watu wengi. Intaneti yetu ilikuwa na magurudumu.

Aliyeumia zaidi hakuwa Mmarekani. Aliumia msanii wa Bongo Movie aliyetegemea kuuza DVD. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na ndiyo iliyoleta COSOTA. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga muvi za nje zinazouzwa kiholela. Na bado kibanda cha sokoni Ipinda kipo wazi hadi leo.

Kilichosaidia ni vituo kumuiga mtafsiri. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, ikaja na za Kituruki kwa Kiswahili, Sultan ikiwemo. Maisha Magic Bongo wakatuletea Huba na Jua Kali, hadithi zetu wenyewe. Mpira nao umewabeba, kwa sababu hakuna anayetaka kupakua mechi ya Simba na Yanga kesho yake wakati matokeo yameshajulikana.

Kwa hiyo lugha wameielewa. Bei wanaijaribu. Muda bado. Kifurushi kinahesabu siku hata kama umeme umekatika, hata kama ni msimu wa kuvuna mpunga na nyumba nzima iko shambani. Flashi haihesabu siku.

Pendekezo langu ni dogo. Vocha za simu zilifika Ipinda kupitia vibanda. M-Pesa nayo ilifika kupitia vibanda. Kwa nini tamthilia halali isipite hukohuko? Mfanyeni yule kijana wa laptopu awe wakala. Auze vipindi 20 kwa shilingi 1,000 ileile, abaki na kamisheni yake, zinazobaki ziende kwa kituo na kwa msanii. Wateja anao tayari, na anajua kila nyumba inafuatilia nini. Mkimkamata leo, kesho kibanda kitafunguliwa na binamu yake.

Usiku ule tulikaa sebuleni, mama naye akavuta kiti. Tuliangalia vipindi vinne mfululizo. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini katika ile shilingi 1,000, aliyetunga hadithi hakupata hata senti, na wale walioingiza sauti za Kiswahili hawakupata kitu. Mimi ninayelalamika kunakiliwa nilikuwa nimekaa kiti cha mbele.