Nguzo ya Tatu: Kutoka kwa Charaka hadi Chumba cha Upasuaji

Charaka Samhita, kitabu cha tiba cha Bara Hindi ambacho wanazuoni hukikadiria kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,000, kinausimamisha uponyaji juu ya nguzo nne: tabibu, dawa, mhudumu na mgonjwa mwenyewe. Kila nguzo imewekewa sifa zake. Tabibu awe na elimu, uzoefu, wepesi wa mkono na usafi. Mhudumu ajue kazi ya kuuguza, awe hodari, ampende mgonjwa, naye pia awe msafi. Mgonjwa hatakiwi kulala na kungoja tu: awe na kumbukumbu, afuate maelekezo, asiogope, na aweze kueleza yanayomsumbua.

Si haki kudai kwamba wazee hao walijua habari za vijidudu. Hawakujua, ingawa makala za sherehe kama hii yetu hupenda mno madai ya namna hiyo. Walilolijua ni kwamba tabibu hodari peke yake hatoshi. Usafi wameutaja kwa tabibu na kwa mhudumu, wala hawakumwachia mfagiaji.

Jambo hilo lilisahaulika mahali pengi, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi walihudumiwa katika wodi mbili, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Wodi ya madaktari ndiyo iliyoua zaidi. Wao walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha. Semmelweis aliwaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili, kabla ya amri hiyo, wazazi zaidi ya 18 katika kila 100 walikufa katika wodi ile. Mwezi Juni walikuwa kama 2. Hata hivyo wakubwa wengi wa taaluma walimkataa, kwa kuwa ilikuwa vigumu kwa bwana mkubwa kuambiwa kwamba mkono wake ndio uliobeba mauti. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuipima seva, yaani huduma isiyotaka malipo, kwa majengo. Mfano uliotutangulia ni wa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Kwa fedha zake ilijengwa hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam, na jina lake lingali katika wodi za Muhimbili. Ni heshima anayostahili. Lakini jengo huchangiwa mara moja. Kuosha mikono hurudiwa kwa kila mgonjwa, mchana na usiku, na hakuna anayekuchongea jina kwenye marumaru kwa ajili hiyo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika upasuaji. Kazi hiyo iliongozwa na Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, mwana wa madaktari wawili waliohamia Marekani kutoka India. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa New Delhi, nyingine Ifakara, bondeni Kilombero. Timu husimama mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake. Muuguzi huhesabu sindano, vifaa na vitambaa, na hesabu isipotimia husema. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Humo namwona mhudumu wa Charaka, nguzo ya tatu, akirudishiwa sauti mbele ya bingwa. Ila sauti hiyo haiji kwa karatasi. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizoanza kuitumia orodha hiyo, wasione upungufu wa maana wa vifo. Wengi walioufasiri utafiti huo walisema kuweka alama kwenye visanduku si sawa na kusimama na kusikilizana, nami naafikiana nao.

Na nguzo ya nne? Jambo la kwanza kabisa katika orodha linamhusu mgonjwa: kabla ya nusu kaputi athibitishe mwenyewe jina lake, mahali pa kupasuliwa, operesheni atakayofanyiwa, na ridhaa yake. Katika familia zetu nyingi mtoto wa kiume mkubwa ndiye hujibu maswali hayo kwa niaba ya mama, kwa heshima na kwa haraka, naye mama hunyamaza ingawa ndiye ajuaye ni goti lipi linalomuuma. Siku hiyo, kijana asimame kando ya kitanda, na mama aulizwe yeye.