Tiyo ya tatu ya Chevrolet ilitoka mu mboga

Leo siandike juu ya mahindi. Naandika juu ya motokari, lakini muvumilie kidogo, tutarudi mu shamba.

Kwetu Makomeno, mu lupango ya baba mukubwa wangu, kuko Chevrolet Chevelle ya mwaka wa 1971. Miaka mingi ililala chini ya muti wa embe, kuku zikitagia ndani. Mwaka uliopita muzee alisema: mbele sijazeeka kabisa, hii motokari itatoka ku barabara. Mekanisiye mumoja wa mutaa akafungua kila kitu, lakini hakutia alama ku tiyo. Wakati wa kurudisha, akakuta tiyo tatu za chuma zinatokea karibu na motere, zote zimekula kutu, zote zinafanana. Akafunga kwa kubahatisha. Motere iliwaka, tukapiga mikono. Kisha siku tatu, kila saa sita ya muchana, lupango yote ikaanza kunuka esansi. Na mama mukubwa anapikia bukari pale pale inje, ku mbabula. Hapo kucheka kuliisha.

Hizi tiyo tatu hazikuzaliwa siku moja, na mutu anayejua zilikuja namna gani hawezi kuzichanganya.

Ya kwanza ni ya kulisha. Njo kubwa, kwa yetu milimita 9,5 hivi. Inaanzia chini mu rezervuari, inafika ku pompi, na pompi inasukuma esansi ku karbirateri. Motokari mingi za zamani zilikuwa na hii moja peke. Rezervuari ilipumua kupitia kitundu cha kifuniko chake, mvuke ukatoka inje, hakuna aliyejali.

Ya pili ni ya kurudisha. Zile motere kubwa za Marekani za miaka ya 1960 zilitoa joto sana, na esansi ikichemka mu tiyo inafanya mapovu. Pompi inabaki kusukuma mvuke tu, motere inazima. Njo maana ku motokari zingine waliongeza tiyo ndogo, milimita 6 na kitu, yenye kutoka ku pompi na kurudisha mu rezervuari esansi ya ziada pamoja na mapovu. Sisi ba agronomia tunaijua: pulverizateri ya trakta iko na tiyo ya kurudisha dawa mu tanki, akili ni paka ile. Na Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, kwa hiyo esansi inachemka mbiyo kuliko kule Matadi. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, usiifunge hii tiyo, hata mutu akuambie haina kazi.

Sasa ya tatu, njo yenye ilinifanya niandike. Miaka ya 1940, muji wa Los Angeles ulianza kufunikwa na moshi wa ajabu. Macho yaliwasha, na balimaji ba pembeni wakaona majani ya mboga yao yanapata madoa na kukauka. Ku chuo cha Caltech kulikuwa Arie Haagen-Smit, mutu wa Uholanzi, fundi wa kemia ya mimea, mwenye alikuwa anachunguza harufu ya nanasi. Akaacha nanasi, akachunguza hewa. Mwanzo wa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba mvuke wa esansi na gazi za motokari, zikipigwa na jua, zinazaa ozoni pamoja na sumu zingine zenye kuchoma majani. Bakubwa ba mafuta walimupinga. Lakini mu 1968 yeye njo alikuwa wa kwanza kuongoza ofisi ya hewa ya California.

Sheria ilikawia. California ilidai motokari za mwaka wa 1970 zifungie mvuke wa rezervuari, na kwa zile za 1971 Marekani yote ikafuata. Kwa hiyo, mbele ya kuingia chini, soma mwaka. Kwa Chevrolet ya wakati ule kuko kibati chini ya kioo cha mbele, upande wa kushoto: alama 13, na ya sita inaonyesha mwaka. Yetu iko 1. Mwaka ule ule, 27 Oktoba, inchi yetu iliitwa Zaïre.

Tiyo hii ya mvuke inatoka juu ya rezervuari, penye esansi haifiki, na inaenda mbele mu kisanduku cheusi chenye kimejaa makala. Ndiyo, makala! Sisi tunamaliza miombo juu ya kupika, bale waliweka makala mu motokari. Motokari ikisimama, makala yanashika mvuke. Motere ikiwaka, inauvuta na kuuchoma.

Kosa letu lilikuwa hapo. Tiyo ya kurudisha na ya mvuke zilikuwa na unene mumoja, kwa hiyo kupima peke hakungetusaidia. Tulisukuma motokari mbali na mbabula, tukatoa batri, tukamwanga esansi mu bidoni, tukateremusha rezervuari. Kisha tukafuata kila tiyo na mukono, kuanzia nyuma. Mekanisiye alikuwa amefunga ya kurudisha ku kisanduku. Ile inashuka mpaka chini mu rezervuari. Jua likipasha rezervuari, mvuke ulisukuma esansi yenyewe ipande mpaka mu makala, na ikaanza kudondoka chini ya motere.

Mekanisiye alitaka kuikata ya mvuke na kuiziba. Nilikataa. Rezervuari yenye haipumue, kama kifuniko nacho kinafunga kabisa, pompi inaivuta mpaka inabonyea, na motere inakosa esansi mu njia.

Makala ya kisanduku yalikuwa yamelowa, hayafai tena. Muzee aliuliza kama hatuwezi kujaza ya ku soko. Nikamwambia hapana, yale yanatengenezwa kwa namna yake ili yawe na vitundu vidogo mingi sana. Tunangojea kisanduku kingine. Tiyo tumezipaka rangi: nyekundu ya kulisha, manjano ya kurudisha, nyeupe ya mvuke. Motokari bado haijawashwa.