Chui wa Unguja Mbele ya Sheria

Kila sheria ya uwindaji hueleza nani ameruhusiwa kuua na kwa sababu gani. Lakini liko swali ambalo sheria aghalabu hulipita kimya, nalo ni hili: mnyama mwenyewe ni wa nani? Kusini mwa Afrika swali hili limezusha ubishi mkubwa. Mwezi wa Julai 2015 simba aliyeitwa Cecil aliuawa na mwindaji wa Kimarekani karibu na hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, na watu wengi duniani wakaghadhibika. Watetezi wa uwindaji wa kulipia husema kuwa fedha za mgeni ndizo zimfanyazo mwanakijiji amvumilie mnyama alaye mifugo yake. Wapinzani hujibu kuwa uhai si bidhaa. Zambia ilipiga marufuku uwindaji wa simba na chui mwaka 2013, kisha ikaurejesha baada ya miaka michache. Pamoja na kuhitilafiana kwao, watu hao wote wanakubaliana kuwa mnyama yule ni wa mwitu. Unguja jambo hilo lenyewe ndilo lililobishaniwa.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko ndugu yake wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo na ya karibu karibu. Mwaka 1932 mtaalamu wa London, Pocock, alimpa jina la kitaalamu kwa heshima ya Dakta Aders aliyekuwa akiitumikia serikali ya Zanzibar. Wataalamu walimjua zaidi kwa ngozi chache zilizowekwa katika nyumba za makumbusho, mojawapo ikiwa ile ya Mnazi Mmoja. Watu wa mashamba walimjua kwa njia nyingine. Walisema chui wako wa namna mbili: chui mwitu ajitafutiaye riziki, na chui wa kufugwa, ambaye mchawi humlea kwa siri na kumtuma kwa adui zake. Basi mbuzi alipokutwa ameraruliwa, mwenye mbuzi hakuuliza tu ni chui gani aliyemla, bali aliuliza pia ni nani aliyemtuma.

Imani hiyo ilikuwa na makali mawili. Mtu aliyeamini kuwa chui ana mwenyewe angeweza kuogopa kumdhuru, asije akalipiziwa kisasi. Lakini imani ile ile ilimfanya chui kuwa mshirika wa dhambi ambayo yeye hana habari nayo.

Serikali ya kikoloni haikuitambua hitilafu hiyo. Katika sheria zake za kuhifadhi wanyama chui alipewa kiasi cha ulinzi, na katikati ya karne ya 20 ulinzi huo ukaondolewa. Sheria ya kwanza ilimlinda mnyama bila ya kumfariji aliyepotewa na mbuzi. Ya pili ilimwacha mnyama mikononi mwa hasira. Katika hizo mbili hakuna iliyogusa kiini cha shauri, yaani hofu ya mtu kwa jirani yake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 hofu hiyo ilipata kiongozi. Mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi alizunguka Unguja akiwafichua wachawi na kuongoza mauaji ya chui, na wakubwa wa serikali wakamwunga mkono. Kutokea hapo chui alihesabiwa kuwa mharibifu, na wasasi wakaendelea kumwandama.

Msomaji atastaajabu akikumbuka kuwa serikali hiyo hiyo, katika miaka ya mwisho ya 1960 na katika miaka ya 1970, ilikuwa ikiinua maghorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mjini palichorwa mitaa mipya iliyonyooka; shamba palisakwa wafugaji wa chui. Lakini kazi mbili hizi zilikuwa na nia moja, nayo ni kuwatoa watu katika unyonge wa zamani. Mtu wa shamba aliyeishi kwa kumwogopa mchawi alikuwa na haki ya kutaka ukombozi kama mtu wa Ng'ambo aliyetaka nyumba bora. Kosa halikuwamo katika nia, bali katika namna ya kuhukumu. Aliyeshitakiwa alikuwa binadamu, ushahidi ulikuwa uvumi, na adhabu ya kifo ikampata mnyama.

Katika miaka ya 1990 watafiti walikata tamaa ya kumhifadhi chui huyo, kwani dalili za uhai wake zilikuwa haba mno. Mwaka 2018 watengenezaji wa kipindi cha televisheni walitangaza kuwa kamera yao imenasa chui kisiwani. Lakini picha ya chui mmoja haithibitishi kuwa kizazi chake kimesalimika.

Wanaojadiliana leo juu ya simba na chui wa kusini aghalabu huanza na bei na idadi. Habari za Unguja zatufunza kutangulia kuuliza wanakijiji wanamwona mnyama huyo kuwa nani. Sheria isiyosikiliza jibu lao itavunjwa usiku, porini, pasipo shahidi. Na sheria inayolisikiliza jibu hilo bila ya kulipima itaweza kuangamiza, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, kiumbe kilichokaa kisiwani maelfu ya miaka, wala hofu ya jirani kwa jirani isipungue.